Plau, dawa, mzunguko au palizi: ipi ikufae kwa magugu ya shamba la nafaka?

Kuna watu wamekwama kabisa hapa. Mmoja aliacha kutifua shamba, akapiga dawa na kupanda mahindi juu ya mabua ya msimu uliopita, mwaka wa kwanza mambo safi, wa pili safi, wa tatu unakuta ndago na ukoka vimetanda kama mkeka na jirani anamwambia si nilikwambia urudi kwenye plau. Mwingine kinyume chake, analima kila msimu na kupitisha haro (chombo cha kuvunjavunja mabonge ya udongo) juu yake, na mchicha pori unaibuka kila akigeuza udongo utadhani kaupanda mwenyewe. Wote wawili wanauliza njia ipi inamaliza magugu.

Hakuna inayomaliza. Ninavyoona mimi kila namna ya kulima inayafukuza magugu fulani na kuyafungulia mlango mengine, yaani mazoea yako ndo yanachagua nani abaki shambani. Kwa hiyo ukitaka kuchagua njia anza na gugu lenyewe, ni lipi linalokusumbua sasa hivi na lipi uko tayari kuishi nalo baadaye.

Nitalinganisha njia nne ambazo wengi wanazunguka humo humo: kulima kwa plau, kutolima kabisa na kutegemea dawa, mzunguko wa mazao, na palizi ya jembe au mashine. Najua watu wengi wanachanganya mbili tatu, na ni sawa, ila ni vizuri kwanza ujue kila moja peke yake inafanya nini.

VIGEZO KWANZA

Cha kwanza ni mbegu zinakaa wapi na zinaishi muda gani. Udongo ni kama benki, kila gugu linaloachwa likomae linaweka akiba. Baadhi ya mbegu zinaishi kupita umri wa mtu: mwaka 1879 huko Michigan, Marekani, mtaalamu wa mimea William James Beal alifukia chupa 20 zenye mbegu na mchanga ili zifukuliwe moja moja baada ya miaka mingi, na chupa iliyofukuliwa 2021 bado ilikuwa na mbegu za gugu liitwalo Verbascum zilizoota. Lakini usikate tamaa mapema, maana nyasi nyingi zinazosumbua kwenye ngano mbegu zake zinakufa ndani ya miaka michache tu. Tofauti hii watu wanaipuuza sana wakati ndo inaamua karibu kila kitu.

Cha pili, gugu linazaliana kwa mbegu au kwa vipande vya chini ya ardhi, kama ndago na vitunguu vyake, au ukoka na sangari na mizizi yao inayotambaa.

Cha tatu, linaota lini ukilinganisha na unavyopanda. Gugu linaloota siku zile zile na zao lako ndo limezoea ratiba yako.

Cha nne ni jasho, muda na vifaa, na cha tano ni hatari ya usugu, kwamba miaka mitano mbele njia hii bado itafanya kazi au la.

Kwa kila njia nitauliza maswali yale yale: gugu gani linaumia, gani linanufaika, inataka nguvu kiasi gani, na inamfaa nani.

1. PLAU

Linaloumia: Nyasi za msimu zenye mbegu ndogo ndo zinapigwa hapa. Plau ikipindua udongo vizuri sentimita 20 hivi, mbegu zilizodondoka juu zinafukiwa kule ambako mche mdogo hauna nguvu ya kufika juani. Mfano maarufu ni Alopecurus myosuroides, nyasi inayowatesa wakulima wa ngano Uingereza. Miche yake mingi inatoka kwenye sentimita 5 za juu tu, na mbegu zikifukiwa, kila mwaka sehemu kubwa inakufa, inayobaki ni kidogo.

Sasa hapa ndo watu wanaharibu. Ukifukia mbegu mwaka huu, halafu mwakani ukapitisha plau tena kwa kina kile kile, unazirudisha juu zile ambazo hazijafa. Plau inafanya kazi vizuri zaidi ikiwa ya mara moja moja, unafukia, unaziacha zifie huko chini miaka kadhaa huku ukigusa udongo wa juu tu, ndo unarudi. Kulima kwa kina kila msimu kwa sababu tumezoea ni kama kuzika kitu leo na kukifukua kesho.

Linalonufaika: Magugu ya majani mapana yenye mbegu zinazoishi sana ardhini. Mchicha pori ni mfano mzuri, mbegu ndogo, nyingi kupindukia, na mbegu nyingi za aina hiyo zinahitaji mwanga kidogo tu ziamke, hata ule mmweko wa sekunde wakati udongo unageuzwa. (Kuna watafiti waliojaribu kulima usiku ili kuzinyima huo mwanga! Baadhi ya majaribio yalipunguza miche, mengine wapi, kwa hiyo usijikeshe.) Mbegu kubwa nazo hazisumbuki na kina, Avena fatua, ile jamaa ya oti ya porini, inaweza kutoka sentimita 15 chini. Na yale ya mizizi inayotambaa ni bahati nasibu: ukikatakata ukoka kwa haro wakati udongo una unyevu umepanda vipandikizi mia, ukifanya hivyo hivyo kiangazi kikali na kurudia mara mbili tatu, vipande vinakauka juani na unaupunguza kweli.

Nguvu na muda: Mafuta, trekta au wanyama, siku za kusubiri udongo ukae sawa. Udongo unabaki uchi, kwenye mteremko mvua kubwa ikija unaondoka na rutuba yako. Usugu kwa maana ya dawa haupo, ila hata magugu yenyewe yanachujwa na kulima, yanabaki yale yanayopenda kutifuliwa.

Inamfaa nani: Mwenye ardhi tambarare, nyasi za msimu zilizomshinda, hasa zile ambazo dawa haziui tena. Haimfai mwenye mteremko mkali wala mwenye sangari kwenye eneo lenye mvua mfululizo.

2. KUTOLIMA, NA DAWA

Hii ndo inabishaniwa kuliko zote, na pande zote mbili zina hoja.

Linaloumia: Mbegu zikibaki juu ya ardhi hazina raha. Sisimizi, mende wa ardhini, ndege na panya wanazila, jua na mvua za kubadilika badilika zinaziua, na kama matandazo ni mazito miche midogo haioni mwanga. Mbegu kubwa za majani mapana zinazotaka kufukiwa kidogo ndo ziote zinapungua. Na zile zilizolala chini kabisa hazisumbuliwi, zinaendelea kulala na kufa taratibu. Mkulima anayezuia magugu mapya yasikomae anaweza kuona shamba linazidi kuwa jepesi mwaka hadi mwaka.

Ila hilo neno kuzuia yasikomae lina uzito wake, maana ukiachia msimu mmoja tu mbegu zote zimelala juu, pale pale zinapopenda kuotea.

Linalonufaika: Makundi matatu. Kwanza magugu ya kudumu, ndago, ukoka, sangari, kwa sababu hakuna chuma kinachoyagusa. Pili nyasi za mbegu ndogo zinazoota juu juu. Tatu yale yanayosafiri kwa upepo, kama Conyza, mbegu yake inatua juu ya udongo na kuota hapo hapo, haihitaji kufukiwa hata kidogo.

Halafu lipo kundi la nne ambalo halitokani na kutolima, linatokana na dawa yenyewe. Dawa kama 2,4-D zilipoingia kwenye nafaka miaka ya 1940 ziliua majani mapana na kuiacha nafaka, raha tupu, lakini nafaka ni nyasi, na nyasi nyingine shambani zikasalimika nayo, basi kidogo kidogo mashamba yakahama kutoka shida ya majani mapana kwenda shida ya nyasi. Glifoseti ikaingia sokoni 1974, inaua karibu kila kitu cha kijani, ndo iliyofanya kutolima kuwezekane kwenye mashamba makubwa, na miaka mingi watu waliamini haiwezi kupata usugu. Mwaka 1996 ikaripotiwa Australia kwamba nyasi iitwayo Lolium rigidum imeanza kuihimili. Miaka michache baadaye Conyza ikafuata kule Delaware, Marekani.

Na hapa nirekebishe kitu kinachosemwa vibaya kila siku, eti gugu limezoea dawa. Gugu halizoei kitu. Katika mamilioni ya miche kuna michache iliyozaliwa tofauti, dawa ikipita inaua ndugu zake wote na kuiachia shamba, inatoa mbegu, msimu ujao watoto wake ni wengi zaidi. Ukipunguza dozi ili uokoe dawa unaongeza kasi, kwa sababu unaibakiza hata ile yenye uhimilivu wa nusu nusu, inakutana yenyewe kwa yenyewe na watoto wanazidi wazazi.

Dawa ya kuzuia usugu sio kubadilisha jina la chupa. Chupa mbili zenye majina tofauti zinaweza kuwa na kiambato kile kile, au viambato viwili vinavyoua kwa njia ile ile, na hapo hujabadilisha chochote. Angalia namba au herufi ya kundi la dawa kwenye lebo, hiyo inaonyesha inaua kwa njia gani, ndo ubadilishe kwa kundi. Na angalia kitakachofuata shambani pia, atrazini kwa mfano inavumiliwa na mahindi lakini mabaki yake yanaweza kuumiza kunde utakazopanda baadaye.

Nguvu na muda: Jasho dogo kuliko zote, unapanda mapema, udongo unashika maji. Lakini umakini ni mkubwa, bomba la kupulizia lenye nozo mbovu linaharibu mpango mzima, na mavazi ya kujikinga si ya hiari.

Inamfaa nani: Mwenye ardhi inayomomonyoka au mvua haba, mwenye mabua ya kutosha ya kubaki shambani (kama mifugo inayamaliza yote, sahau, unabaki na udongo uchi usiolimwa na hapo umekosa faida za pande zote mbili), na awe tayari kubadilisha makundi ya dawa na kung'oa kwa mkono yaliyosalia. Kama shamba tayari limejaa ndago usianzie hapa, punguza kwanza ndo uhamie.

3. MZUNGUKO WA MAZAO NA MAZAO FUNIKA

Linaloumia: Gugu lolote linaloishi kwa kuiga ratiba ya zao lako. Nafaka juu ya nafaka juu ya nafaka ni kumwachia mlango wazi mgeni yule yule kila siku. Kituo cha utafiti cha Rothamsted, Uingereza, kina shamba la Broadbalk ambalo limekuwa na ngano tangu 1843, mwanzoni magugu yaling'olewa kwa mikono, vita kuu ya kwanza ikaondoa watu wa kufanya kazi, magugu yakazidi mpaka miaka ya 1920 ikabidi waanze kupumzisha sehemu za shamba kwa zamu ili yapungue. Mpaka leo kuna kipande ambacho hakijawahi kupigwa kiuagugu na ukikilinganisha na vingine unaona wazi magugu gani yangekuwepo.

Ukiingiza zao lenye msimu tofauti, jani tofauti, palizi tofauti, dawa tofauti, lile gugu linakosa mwaka mmoja au miwili ya kuweka akiba, na kama mbegu zake haziishi sana hiyo inatosha kulivunja mgongo. Kama zinaishi miaka ishirini, utaona nafuu ila usitegemee muujiza.

Kiduha kinahitaji mstari wake. Huyu ni mwizi wa chini kwa chini, anajiunga na mizizi ya mahindi, mtama, ulezi na mpunga wa nchi kavu na kunyonya, mmea mmoja unatoa mbegu makumi ya maelfu, ndogo kama vumbi, na zinaishi ardhini zaidi ya miaka kumi. Plau haimwezi, na palizi inachelewa maana akionekana juu uharibifu umeshafanyika chini. Lakini mbegu yake haiamki mpaka inuse mzizi, na hapo ndo anapopigika: mimea kama soya na desmodiamu (mmea wa malisho wa jamii ya kunde) inaziamsha mbegu halafu haina chakula cha kuzipa, zinakufa. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe kule Kenya pamoja na Rothamsted walitengeneza mfumo wa sukuma-vuta wakilenga viwavi vinavyotoboa mabua, desmodiamu katikati ya mahindi na matete pembeni, kumbe kiduha nacho kikapungua. Tena kinapenda udongo uliochoka, kwa hiyo kunde na samadi zinakipiga mara mbili.

Linalonufaika: Magugu yanayofanana na zao jipya, na yale ya kudumu kama mzunguko wako hauna hata mwaka mmoja wa kuyashughulikia. Rutuba ikipanda pia inabadilisha wageni, kuna magugu kama Galium aparine yanayokula naitrojeni kwa fujo na kulishinda zao lako kwenye mbolea uliyonunua wewe.

Nguvu na muda: Sio jasho, ni subira na soko. Zao la pili lazima liwe na mtu wa kulila au kulinunua, la sivyo mzunguko mzuri unabaki kwenye makaratasi. Mazao funika, yale yanayopandwa kufunika udongo, yanakula maji, kwenye ukame yanaweza kumnyima anayefuata. Usugu ni mdogo kuliko njia zote, hapa sina ubishi.

Inamfaa nani: Mwenye kiduha, mwenye usugu wa dawa, na mwenye uhakika wa ardhi kwa miaka kadhaa. Aliyekodi kwa msimu mmoja ataipanda faida aje aivune mwingine, na siwezi kumlaumu akikataa.

4. PALIZI YA JEMBE AU MASHINE

Linaloumia: Mche wowote mdogo, bila kujali kama una usugu wa dawa au la. Siri ni kuwahi, gugu likiwa bado uzi mweupe chini ya udongo hata haro nyepesi ya meno inaliua, likifika majani manne unatumia nguvu mara tatu. Kwa mahindi kipindi cha kufa na kupona ni tangu jani la tatu mpaka la nane au la kumi, ukilinda hapo yatakayoota baadaye kivuli kinayamaliza.

Linalonufaika: Yanayofanana na zao. Kwenye mpunga kuna nyasi iitwayo Echinochloa ambayo ikiwa changa inafanana na mpunga kiasi kwamba karne nyingi za kupalilia kwa mkono zimechuja zilizotofautiana na kuacha zile pacha. Mpunga-mwitu ndo balaa zaidi kwa sababu ni ndugu wa damu, ndo maana mashamba yaliyoacha kupandikiza miche kwenye maji na kuanza kumwaga mbegu moja kwa moja yanalia nao. Pia Commelina, lile lenye maua ya bluu, ukiling'oa na kulilaza kwenye udongo wenye unyevu linashika mizizi upya, litoe nje ya shamba. Na yaliyo kwenye mstari katikati ya mashina mashine haiyafikii.

Nguvu na muda: Nguvu kazi nyingi, na wote wanaitaka wiki moja. Mvua ikinyesha wiki hiyo mfululizo, umekwisha.

Inamfaa nani: Shamba dogo, au kubwa lenye mistari iliyonyooka na mashine, na yeyote anayetaka kung'oa mabaki machache kabla hayajatoa mbegu. Hata kiduha king'oe kabla ya kuchanua, msimu huu hujaokoa kitu ila wa mbele umeokoa.

VITU VYA KUONGEZEA POPOTE ULIPO

Mbegu safi. Agrostemma githago ilikuwa gugu la kawaida kabisa kwenye ngano ya Ulaya, usafishaji wa mbegu ulipoboreka likakaribia kutoweka, kwa sababu liliishi kwa kupandwa tena na mkulima mwenyewe. Kombaini (mashine ya kuvunia) ya kukodi nayo isafishwe kabla haijaingia kwako, inabeba magugu ya watu. Australia wamefika mbali zaidi, mkulima Ray Harrington alibuni mtambo wa kusaga mbegu za magugu zilizo kwenye makapi wakati wa kuvuna, unafaa kwa magugu ambayo mbegu zake bado zimeshikilia shina siku ya mavuno. Panda msongamano unaofaa ili kivuli kifunge mapema, ngano fupi za kisasa hazina kivuli kikubwa kama za zamani. Na kuchelewa kupanda wiki mbili ili uue wimbi la kwanza la magugu kunasaidia, kama mvua zako zinaruhusu.

SASA CHAGUA KWA HALI YAKO

Nyasi za msimu zimekushinda na dawa hazishiki: plau moja ya kina, kisha miaka kadhaa usiipindue tena, na mzunguko juu yake. Dawa iwe ya kusaidia tu.

Majani mapana yanayoibuka kila ukitifua: punguza kutifua, matandazo yawe mazito, palizi nyepesi ya juu juu.

Ndago, ukoka au sangari: usihamie kutolima kwanza. Tumia kiangazi kukausha vipande juani, au dawa inayoshuka mpaka mizizini wakati majani yana nguvu, kisha zao lenye kivuli kizito, maana ndago haipendi kivuli.

Kiduha: desmodiamu au soya, rutuba, na kung'oa kabla ya maua. Mengine yote ni ya ziada.

Mteremko au mvua kidogo: kutolima kunakufaa hata kama magugu yatabadilika, ila panga toka mwanzo utabadilishaje makundi ya dawa na nani atang'oa yatakayobaki.

Shamba dogo na mikono ipo: palizi mbili za mapema na mzunguko, huna haja ya kujiingiza kwenye dawa kama haikulazimu.

Hujui una gugu gani kwa kweli: chota udongo wa sentimita 5 za juu sehemu kama kumi za shamba, chota na wa chini yake sentimita 15 mpaka 20, weka kwenye trei mbili tofauti, mwagilia wiki tatu nne uhesabu kinachoota. Kama ya chini imejaa na ya juu ni nyepesi, plau iache ghalani mwaka huu. Ikiwa kinyume chake, hiyo plau unaweza kuwa na kazi nayo.